Programu mpya darasani: namna ya kuipigia hesabu kabla kamati haijaipitisha

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha korosho huku Newala, na kwa upande wa wazazi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya kijijini kwetu. Msimu wa mnada mkulima anasikia bei redioni, anaizidisha kwa kilo zake, na kabla hajafika chamani ameshaezeka nyumba kichwani. Mimi ndiye wa kumsomea makato: ushuru wa halmashauri, ghala, usafirishaji, chama kikuu, chama cha msingi. Programu za shuleni nazo zina bei ya redioni na zina makato. Tofauti ni kwamba huko hakuna karani wa kuyasoma, na ndiyo maana nimeyaandika haya kwa wajumbe wenzangu na walimu wakuu ambao kila muhula huletewa jambo jipya: uji, kambi ya darasa la saba, kona ya vitabu, vipindi vya ziada, vishikwambi.

Tatizo kwanza, tena kwa namba

Mara nyingi kikao kinaitwa programu ikiwa imeshachaguliwa, sisi tunaulizwa tu kama tunaipenda. Nani atasimama mbele ya kamati aseme hapendi watoto wapate vitabu? Kwa hiyo kabla ya kumsikiliza mleta programu, jueni watoto wenu wamekwama wapi.

Chukueni aya fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mtoto mmoja mmoja aitwe pembeni, chini ya mwembe, mbali na wenzake wanaocheka. Asome. Akishindwa aya apewe sentensi, akishindwa sentensi apewe maneno, kisha silabi, kisha herufi. Alipoishia ndipo paandikwe. Pimeni darasa la tatu na la nne, maana mnawatafuta waliopita darasa la pili bila kubeba kilichokuwa kule. Uwezo, wale watafiti wa kupima watoto kusoma na kuhesabu, walipokuwa wakipita kaya kwa kaya walitumia jaribio la kiwango hichohicho hata kwa watoto wakubwa. Mwalimu wa darasa lenyewe asipime: akiwa mpole humtangulizia mtoto silabi ya kwanza bila yeye mwenyewe kujua, akiwa mkali mtoto hufunga mdomo.

Kwetu kilichowashtua wazazi hakikuwa wale wasiojua herufi. Hao walijulikana. Ni wale walioisoma aya nzima kwa sauti safi, lakini ukiwauliza mbuzi wa kwenye hadithi alikwenda wapi wanakutazama tu. Nyumbani wanaongea Kimakonde au Kimakua, Kiswahili kingi wamekutana nacho darasani, na wanaimba silabi. Huyo si wa kadi za silabi. Anahitaji kuongeleshwa, kusimuliwa hadithi, kuulizwa maswali na kujibu. Mkiwachanganya na wasiojua herufi mtanunua dawa moja kwa magonjwa mawili, kisha mtasema programu haikufaa.

Angalieni na tarehe. Oktoba hadi Desemba watoto wengi wako chini ya mikorosho wanaokota. Kabla mahindi mapya hayajakomaa kuna nyumba zinapika mara moja kwa siku. Januari wapo wasichana wanaochelewa kurudi kwa sababu ya unyago wa likizo. Ukipima mahudhurio Oktoba, ukaanzisha uji, ukapima tena Mei, yatapanda hata kama uji ulikuwa maji ya moto. Linganisha Mei na Mei, Oktoba na Oktoba.

Gharama: andika hata isiyo na risiti

Tangu elimumsingi bila ada ianze mwaka 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi imehesabiwa kwa Sh 10,000 kwa mwaka. Sh 4,000 kati ya hizo hubaki kwa ajili ya vitabu, Sh 6,000 huja kwenye akaunti ya shule. Hizo ndizo za chaki, karatasi, ukarabati, michezo, mitihani na mengineyo. Kumbuka hiyo 6,000, ni kipimo kizuri cha kuwekea kila programu pembeni.

Nichukue uji, kwa sababu ndio unaoombwa zaidi na ndio unaohesabiwa vibaya zaidi. Bei nitakazotumia ni za mfano, wewe weka za sokoni kwenu. Tuchukulie watoto 120 wa awali, la kwanza na la pili. Unga gramu 50 kwa mtoto ni kilo 6 kwa siku. Mwaka wa masomo wa siku 194 unakula kilo 1,164, na kwa Sh 1,500 kwa kilo ni Sh 1,746,000.

Hapo ndipo karatasi nyingi za maombi huishia. Endelea. Sukari gramu 15 kwa kikombe, kilo moja na gramu 800 kwa siku, kwa Sh 3,000 kwa kilo: Sh 1,047,600 kwa mwaka. Kuni za Sh 2,000 kila siku: Sh 388,000. Mpishi, tuseme Sh 60,000 kwa miezi 10: Sh 600,000. Halafu maji. Wenzetu wa mabondeni hawalijui hili, lakini huku juu kwenye uwanda wa Makonde udongo ni kichanga, maji yanazama, na ya bomba hupandishwa kwa mashine kutoka bondeni. Bomba likinyamaza tunanunua kwa dumu. Kupika, kuosha vikombe 120 na watoto kunawa mikono hakupungui madumu 4. Kwa Sh 500 kila dumu, siku 194, ni Sh 388,000, sawasawa na kuni.

Jumla Sh 4,169,600. Kwa mtoto ni kama Sh 34,700 kwa mwaka, yaani kikombe kimoja karibu Sh 180. Ruzuku ya watoto haohao 120 ni Sh 720,000. Kwa hiyo anayesema uji utatoka kwenye ruzuku hajapiga hesabu.

Sisemi uji usiwepo, mimi mwenyewe niliupigia kura. Nasema jueni unalipwa na nini. Wanachama wakikubali kukatwa Sh 20 kwa kila kilo ya korosho, uji huu unahitaji zaidi ya tani 208. Muulize karani wenu msimu uliopita mliuza tani ngapi, naye akwambie na msimu mbaya zilikuwa ngapi, kwa sababu ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, ukiingia tani zinashuka na idadi ya watoto haishuki. Fedha ya korosho huingia mwisho wa mwaka, wakati mahindi yameshapanda bei. Ukinunua hapo umenunua ghali. Iwekeni benki hadi Juni au Julai mahindi yatoke shambani, mnunue ya mwaka mzima, myakaushe vizuri na kuyawekea dawa ya dumuzi, na kila mwezi mtu apime kilo zilizobaki kwa mizani, asikadirie kwa macho.

Sukari nayo itazame tena. Katika hesabu hii ni robo ya gharama yote. Chumvi kidogo na karanga zilizosagwa zinaweza kuchukua nafasi yake. Wiki ya kwanza watoto watanuna. Ila msiandike sifuri kwa sababu karanga ameleta mzazi. Kisado cha karanga kina bei, na aliyekitoa amekitoa nyumbani kwake. Vivyo hivyo kuni za watoto na zamu za akina mama jikoni. Mama mwenye zamu siku ya kupalilia analipa kibarua, hata kama shule haimuoni.

Kisha saa za mwalimu, ambazo mimi huziandika juu kabisa ya karatasi kuliko shilingi. Kipindi cha ziada cha dakika 45, siku 4 kwa wiki, wiki 12, ni saa 36. Hizo saa zimetoka wapi? Kama zimetoka kwenye michezo, semeni. Kama zimetoka kwenye kusahihisha madaftari, semeni. Na kama mwalimu wa la pili ameondolewa darasani kwenda kusaidia la saba, watoto wa la pili ndio waliolipa, na hawapo kikaoni kulalamika.

Faida: amebadilika mtoto yupi?

Mfano mwingine, nao wa kukisia ili hesabu ionekane. Darasa la tatu lina mikondo miwili, A na B, kila mmoja watoto 45. Mkondo A unapata programu ya kupanga watoto kwa uwezo wao wa kusoma: kwa dakika 45 wanaachana na silabasi ya la tatu, wa silabi wanakaa pamoja, wa maneno pamoja, wa aya pamoja. Matumizi ni rimu ya karatasi Sh 12,000, manila Sh 10,000, maka peni Sh 8,000, kurudufu kurasa Sh 45,000, na posho ya kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne anayejitolea, Sh 150,000 kwa miezi mitatu. Jumla Sh 225,000.

Kabla ya kuanza, kila mkondo ulikuwa na watoto 20 wasioweza kusoma aya. Mwisho wa miezi mitatu, A wamebaki 6. Yaani 14 wamevuka.

Mleta programu atasema: Sh 225,000 kugawa kwa watoto 45, ni Sh 5,000 tu kwa mtoto! Hiyo ndiyo bei ya redioni. Watoto 25 kati ya hao walikuwa wanajua kusoma tangu mwanzo. Gawa kwa 14 waliovuka, unapata kama Sh 16,000. Halafu nenda mkondo B, ambako hapakuwa na programu yoyote: walikuwa 20, wamebaki 15. Watano wamevuka kwa masomo ya kawaida, kwa kukua, kwa dada nyumbani. Bila shaka na A wangevuka kama watano hata bila programu. Toa 5 kwenye 14, zinabaki 9. Sh 225,000 kugawa kwa 9 ni Sh 25,000 kwa mtoto aliyebadilishwa na programu yenyewe. Hiyo ndiyo ya mkononi, na hiyo ndiyo ya kulinganisha programu moja na nyingine.

Shule isiyo na mikondo miwili itumie darasa la tatu la mwaka uliopita, mradi lilipimwa kwa aya ileile na mwezi uleule. Si kipimo kamili, mwaka wa njaa na mwaka wa neema havifanani, lakini ni bora kuliko kutolinganisha na kitu. Na mnapochagua nani aanze, pigeni kura ya karatasi. Mkiachia walimu wachague, watapeleka programu kwenye mkondo wa mwalimu hodari, na mtakuwa mmempima mwalimu.

Usilinganishe uji na kadi za silabi kwa kipimo kimoja, hata hivyo. Uji unaleta mtoto darasani na kumtuliza tumbo. Kusoma ni kazi ya mwalimu. Uji uupime kwa rejista ya mahudhurio, hasa mahudhurio ya saa nne na nusu, baada ya wale wanaotoroka kuwa wametoroka. Mwenyekiti wetu aliposikia hivyo aliniambia, "Mama karani, sasa unataka kuhesabu hata usingizi." Nikamjibu kwamba ningekuwa na mizani yake ningeupima.

Wengine wameshapima, tusianze sifuri

Humuhumu nchini, 2013 na 2014, shirika la Twaweza waliendesha jaribio la KiuFunza katika shule 350 za wilaya 10. Kundi moja la shule lilipelekewa fedha Sh 10,000 kwa mwanafunzi. Kundi la pili walimu waliahidiwa zawadi kwa kila mtoto wa madarasa ya chini atakayefaulu jaribio la KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata kitu, libaki la kulinganishia. Baada ya miaka miwili, shule zilizopata fedha peke yake watoto hawakuwa wamejifunza zaidi. Za zawadi peke yake matokeo yalikuwa nusunusu. Zilizopata vyote viwili ndizo watoto walipanda, tena kuliko kujumlisha makundi mawili ya kwanza. Mimi ninachokiona hapo ni kwamba kifaa bila mtu mwenye sababu ya kukitumia hukaa stoo, na mwalimu mwenye hamu bila kifaa naye anafika mahali anakwama. Kwa hiyo kila ombi la vifaa liulizwe: nani atakitumia, saa ngapi, na asipokitumia nani atajua?

Jingine ni la Busia, Kenya, miaka ya 1990. Shule ziligawiwa vitabu vya kiada, na wastani wa watoto haukupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa mbele tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, na kwa watoto wengi hiyo ni lugha ya tatu. Sisi vitabu vyetu vya darasa la kwanza ni vya Kiswahili, lakini kwa mtoto wa Kimakonde asiyepitia awali umbali wake si mfupi hivyo. Kabla ya kununua vitabu 60 vya hadithi, wape watoto kitabu kimoja waonje. Kama watano tu ndio wanaokiweza, mnawanunulia hao watano.

Na hukohuko Busia walipima dawa za minyoo: shule zilizopata dawa, utoro ulipungua kwa kiasi cha robo, kwa gharama ndogo sana kwa kila mtoto. Huku kwetu dawa za minyoo na kichocho huletwa na serikali bure, walimu wanawapima watoto urefu kwa fimbo yenye alama na kuwapa. Makato yaliyobaki kwa kamati ni madogo: maji safi ya kumezea, na chakula, maana dawa ya kichocho mtoto hatakiwi kuimeza na tumbo tupu. Siku hiyo hata shule isiyo na uji ipike. Sioni kwenye karatasi zetu zote jambo jingine lenye faida kubwa kwa sufuria moja, na bado huwa linasahaulika kwa sababu hakuna anayelizindua kwa ngoma.

Zile zinazopigiwa makofi

Kambi ya darasa la saba ndiyo kipenzi cha kila mtu kwa sababu matokeo hubandikwa ukutani. Iwekeni kwenye hesabu ileile. Chakula cha wanafunzi wote waliolala shuleni, taa, mlinzi, matroni wa wasichana (bila yeye msianze kabisa), na saa za walimu walioacha madarasa ya chini. Kisha msigawe kwa wote waliofaulu, gaweni kwa waliokuwa ukingoni wakavushwa na kambi. Ni wachache. Aliyekuwa wa kwanza angefaulu akiwa nyumbani kwao, na asiyejua kusoma hatasomeshwa KKK kwa wiki chache za Agosti. Mimi nikiwa na Sh 1,000,000 ya kambi, nitaomba angalau nusu yake ishuke darasa la tatu. Huwa inapigwa kura nikashindwa, si neno, najitokeza tena mwaka unaofuata.

Vishikwambi: baada ya sensa ya 2022 serikali iligawa kwa walimu vile vilivyotumika kwenye sensa, na wafadhili nao huleta vyao. Cha zawadi hakina bei ya kununua, kina bei ya kukaa nacho. Umeme, bando, kufuli, nondo za dirisha, na kioo kikipasuka fundi yuko mjini.

Kuhusu miradi mikubwa ya kuinua masomo, Mtwara tulipata Tusome Pamoja kwa fedha za Marekani, wenzetu wa Lindi wakapata EQUIP kwa fedha za Uingereza. Miradi ya aina hiyo ina tarehe ya mwisho tangu siku ya uzinduzi. Swali la kamati liwe moja: gari lao likiondoka, kipi kati ya walivyoleta tunaweza kukilipa wenyewe kwa Sh 6,000 zetu na saa za walimu wetu? Hicho ndicho cha kung'ang'ania wafundishwe walimu wote, si wawili waliokwenda semina.

Siku ya kikao

Kila programu iwe na karatasi moja, upande mmoja tu. Tatizo na idadi ya watoto. Shilingi zote, pamoja na maji na vya mzazi. Saa za mwalimu na zilikotolewa. Watoto wangapi tunatarajia wabadilike, ukishatoa wale ambao wangebadilika wenyewe. Nani analipa mwaka wa pili. Wekeni karatasi mbili au tatu pamoja mezani, msijadili moja pekee, maana programu ikiwa peke yake kila mara inaonekana nzuri.

Mchango wa mzazi ni wa hiari, na hakuna mtoto wa kurudishwa nyumbani au kunyimwa kikombe kwa sababu baba yake hakutoa. Liandikeni kwenye muhtasari wa kikao ili mtendaji asije akajisahau. Makato ya korosho yapitishwe na mkutano mkuu wa wanachama, si na kamati. Mimi nayapenda kuliko mchango wa kichwa kwa kichwa, kwa kuwa mjane wa mikorosho kumi anakatwa kwa kilo zake na mwenye ekari ishirini kwa zake, ingawa wafanyabiashara wa sokoni na watumishi wanabaki nje na lazima waandaliwe utaratibu wao.

Chini ya karatasi andikeni mwezi wa kupima tena na jina la atakayepima, asiwe anayelipwa na programu. Kwetu hupima mwalimu wa shule jirani, nasi wa kwetu huenda kwao. Kinachotumika ni nauli ya bodaboda na soda. Andikeni pia kiwango ambacho programu ikishindwa kukifikia itasimamishwa, na mkiandike kabla haijaanza, wakati hakuna mtu mwenye kazi yake humo. Matokeo yakija yabandikwe palepale kwenye ubao wa matangazo yanapobandikwa mapato na matumizi.